Ukurasa wa Pili

Dative alileta ukurasa wa pili tu, ameukunja mara nne ndani ya kitenge.

Cassien hakuuliza wa kwanza uko wapi. Katika kibanda chake, hatua chache kutoka daraja la Rusizi II, mpakani na Kongo upande wa Rwanda, alitafsiri karatasi za hospitali zilizoandikwa kwa Kiingereza, na wateja walikuwa na desturi yao: ukurasa wenye jina la mgonjwa hubaki nyumbani. Mara nyingi majibu huchukuliwa na mtu wa familia kabla mgonjwa hajajua kama yametoka. Cassien alisoma maneno, majina hayakumhusu.

"Papa Cassien," alisema Dative, muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, aliyejuana naye tangu utoto wao Bukavu, "leo usinipunguzie. Unisomee vile iko."

Maana Cassien alijulikana kwa kupunguza. Mgonjwa akija mwenyewe alipewa nusu ya ukweli, na hiyo nusu ilitiwa sukari. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha simenti kutoka Bugarama aliambiwa ni uvimbe tu, akarudi kwake akipiga mluzi, akafa wiki ya tatu bado ana furaha. Watu walimsema Cassien: mficha maradhi kifo humuumbua. Naye akawajibu kwamba kifo kinawaumbua hata wasioficha, basi bora mtu ale vizuri akingoja.

Alivaa miwani. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa mpaka shule zilipogeukia Kiingereza, na hapo, mtu mzima mwenye mvi, akaanza upya na daftari na kamusi, kwa hasira. Kurasa nzima za daftari lile zilikuwa za kukua na kuvimba. Waingereza, alipenda kusema, hawana neno moja la jambo hilo, wana ukoo. "Swelling" ni kifundo cha mguu kilichogongwa na jiwe: kinapanda, kinashuka. "Burgeoning" ni chipukizi, ni biashara inayoshamiri, neno la kusemea harusini. "Mushrooming" ni uyoga baada ya mvua, au vibanda visivyo na kibali. Lakini "growth", daktari akiliandika kwenye karatasi ya majibu, ni kitu kilichoamua kuishi ndani ya mtu bila kumwomba ruhusa.

Alisoma mstari wa kwanza kimya, kisha wa pili. Chai yake ilipoa mezani bila kuguswa. Tumbo lake na chai walikuwa wamegombana tangu Pasaka, na majibu ya vipimo vyake aliambiwa bado hayajatoka.

"Ni ya nani hii? Ya ndugu yako?"

"Ni ya muntu wetu."

"Yeye anajua umekuja hapa?"

"Hajui."

"Basi nitasema." Akakaza mkanda wa suruali, ambao siku hizi ulimpa kazi, akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa habakuandika swelling. Ingekuwa swelling ningecheka na wewe. Bameandika growth, na mbele yake bameweka rapid. Haraka. Mwezi wa ine ilikuwa kama harage, mwezi wa sita iko kama ngumi. Tena imefika kwenye ini. Ilianzia wapi, habakusema huku. Itakuwa kwenye ule ukurasa mwingine."

Dative alifunika mdomo kwa kitenge.

"Familia banataka kuuzisha shamba. Biko nalo moja tu. Bamupeleke Kigali, bamupasue. Ndiyo maana banauliza. Bauzishe ama baache?"

Cassien alirudia mstari wa mwisho polepole, akitafuta neno lolote lenye mlango. Hakuliona. Aliwaonea uchungu watu wale asiowajua, na akatamani kupunguza kidogo, kama kawaida yake. Lakini shamba ni shamba.

"Baache," alisema. "Munganga ameandika kisu hakina kazi tena. Bakiuzisha, batamuzika vilevile, na batoto babaki bila pa kulima."

"Vraiment, Papa? Kweli kabisa?"

"Umesema nisipunguze. Sikukuu ya Noeli hataiona."

Dative alitikisa kichwa, machozi yakamtoka bila kelele. Cassien akamsogezea kiti.

"Sikiliza. Mugonjwa mwenyewe musimwambie. Hata akiuliza. Hata akikasirika, mukatae. Mumupikie kitu anachopenda, mucheke naye. Muntu akijua, anakufa mara mbili."

Dative alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo wauza sambaza hawana nafasi nalo asubuhi yenye wateja, akatoka.

Cassien alibaki akifuta miwani. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kusema ukweli wote kwa mkupuo, na aliona umemchosha vibaya. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mweupe. Familia ile, popote ilipo, angalau ingekula mwakani.

Nje, nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Bukavu, Mukandekezi, mke wa Cassien, alikuwa amesimama juani tangu asubuhi.

"Amesema nini?"

"Shamba musiuzishe, Maman."

Mukandekezi aliketi palepale kwenye vumbi.

"Na akirudi kula saa sita, nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu," Dative alijibu. "Ni yeye mwenyewe amesema."