Msikilizaji wa Makutupora

"Pale panapokwaruza, mwalimu, naomba mparudie," alisema Mzee Mazengo, akisogeza simu yake karibu na waimbaji wa sauti ya kwanza ili arekodi.

Sidonia hakungoja kuombwa mara mbili. Kwaya yake ndogo ya watumishi wa serikali, waliofanya mazoezi darasani Chang'ombe baada ya kazi, ilikuwa imeapa kuimba muziki wa watunzi wa leo tu: sauti zinazogongana, mapigo yasiyochezeka, nyimbo zinazokatika pale mtu anapodhani ndiyo kwanza zinaanza. Wasikilizaji walikuwa wamekwishakimbia. Onyesho la mwisho, hata mke wa Abeli, mwimbaji wao wa besi, aliaga mapema akisingizia mtoto.

Ndipo akatokea huyu Mzee Mazengo, mkulima wa zabibu wa Makutupora, nje ya mji huohuo. Alikuwa anapita njia, akasimama dirishani, na tangu hapo hakukosa zoezi. Si kwamba alipenda kila kitu. Wimbo mmoja laini aliusikiliza kwa adabu, simu mfukoni. Lakini sauti ya kwanza na ya pili ziliposhikana mashati, alirekodi mwanzo mpaka mwisho, uso umemchanua. Sidonia alimpenda mzee yule kama mshtakiwa anavyompenda shahidi wake.

Kwa hiyo Abeli alipotaka wapige kura, waachane na mateso hayo wahamie nyimbo za harusi, Sidonia alimtaja Mazengo. Mzee mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba rekodi zile anazipiga kutwa nzima kwa spika kubwa, na majirani wameanza kuziomba.

"Twendeni tukaone," aliwaambia wenzake. "Tukikuta si kweli, nitaimba harusini pamoja nanyi, na vigelegele nitapiga mwenyewe."

Jumamosi wakaenda, wote na sare zao. Mazengo aliwapokea kwa furaha ya mtu aliyetembelewa na wakwe, akawaongoza shambani. Kabla hawajafika walijisikia wenyewe, kwa sauti kubwa kuliko walivyowahi kuimba, wakivuma juu ya mizabibu. Sidonia akaanza kuufuatisha wimbo kwa midomo. Alimtazama Abeli, na Abeli akatazama viatu vyake.

Spika ilikuwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Vichala vya zabibu vilining'inia, vimeiva, vizima. Hapakuwa na kiti hata kimoja, wala mtu.

"Mzee, mbona wasikilizaji siwaoni?" aliuliza Sidonia.

Mazengo alinyoosha kidole ng'ambo ya ua, kwenye shamba la jirani ambaye bado hajapata spika. Huko ndege walikuwa wametanda juu ya mizabibu mpaka majani hayaonekani.

"Nilianza na nyimbo za harusi, mwanangu," alisema. "Wale walizizoea kwa siku mbili tu. Zenu, mpaka leo hawajazizoea."