Kofia ya Lwitiko

Sheria inasema mtu asiyeacha hata unywele mmoja wa kupimwa haandikwi kuwa amekufa. Mume wangu Lwitiko aliungua na chombo chao mwezini, kwa hiyo kwa serikali bado yu hai, na kila jioni mashine yao hutupigia simu kwa sauti ya Lwitiko. Huuliza kama tumekula. Binti yetu Ipyana ameanza kumweleza alama zake za shule.

Mzee Mwasaga wa Tukuyu hukusanya vitu vilivyorudi kutoka mwezini: glovu, beji, mifuko ya chakula. Kwenye mnada alinunua kofia ya kitambaa ambayo Lwitiko aliivaa chini ya helmeti katika safari yake ya kwanza. Nilimwomba kwa muda mrefu. Alipokubali, nilikwenda siku hiyohiyo.

Mkewe alinikumbatia mlangoni.

"Karibu, mama Ipyana. Huyu mzee angekupa hivyohivyo na jasho lake! Nikamwambia, hivi wewe, mjane wa watu utampa nguo chafu?"

Mzee aliinuka kitini. "Umeifanya nini?"

"Si nimeifua! Nimeiloweka, nimesugua mishono yote. Ilikuwa imejaa vinywele, hee!"

"Mama Tusa," mzee alisema taratibu, "alikuja kuchukua hivyo vinywele."

Tabasamu la yule mama lilibaki usoni, halijui pa kwenda. Kofia alikuwa tayari ameninyooshea kwa mikono miwili, imekunjwa vizuri. Nilipiga goti kidogo, nikaipokea, nikasema asante. Pindo lake lilikuwa bado bichi.