Mfukia Ngoro

Jumapili ya tatu mfululizo, Hyasinti alirudi kutoka kanisani akakuta mstari mwingine wa ngoro zake umefukiwa.

Alichuchumaa akagusa udongo. Ulikuwa umegeuzwa asubuhi hiyohiyo. Mashimo yale ya kilimo, yaliyopangana mlimani kama sega la nyuki, yalianza kulimwa kabla babu yake hajazaliwa. Mvua zote za Umatengo zilishindwa kuuburuta mlima ule bondeni. Leo mtu mmoja mwenye jembe anauharibu taratibu, tena siku ya misa. Roho ilimuuma kwelikweli.

"Ni Othmar," alimwambia mama yake alipofika nyumbani. "Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe, shemeji yangu haoni kingine. Alitaka tusawazishe ngoro tupande miche. Nilimkatalia, sasa ananihujumu. Ndugu wa mke wangu!"

Bibi Gertrude alikuwa amelala kifudifudi mkekani. Mgongo wake ulikuwa umegoma kunyooka siku nyingi, na kanisani alishaacha kwenda. Luisa, mke wa Hyasinti, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, tumbo la mimba likimzuia kuinama vizuri.

"Na wale wageni wa uhifadhi wanakuja wiki ijayo," Hyasinti aliendelea. "Wakiridhika, mlima utalindwa, na hakuna atakayeruhusiwa kubadili kitu. Wajukuu zako watalima ngoro hizihizi, mama."

"Hizihizi?"

"Hizihizi. Wanaume tutafyeka na kulaza nyasi, wanawake mtachimba na kuzifunika kwa udongo. Kama kawaida yetu."

"Kama kawaida yetu," alisema Bibi Gertrude, akafumba macho. Luisa alikamua kitambaa, akakirudisha mgongoni.

Jumapili iliyofuata Hyasinti alitupa macho kwenye benchi la wanaume. Othmar, aliyekuwa akikosa misa tangu aanze biashara, hakuwepo. Hyasinti hakungoja mahubiri yaishe. Alitoka kimyakimya, akashika njia ya mlimani, maneno ya kumwambia shemeji yake yakiwa yamemjaa kinywani.

Jembe alilisikia kabla hajafika. Alipita kwenye migomba, akasimama.

"Mama?"

Bibi Gertrude hakushtuka. Alivuta udongo wa ukingoni, akaujaza shimoni, akaushindilia kwa mguu.

"Mama, wewe? Mtu ninayemwamini kuliko wote? Nitawaambia nini wageni? Watataka kujua nani amezifukia ngoro."

Mama yake aliegemea mpini, akajaribu kunyoosha mgongo, ukakataa.

"Waambie ni yuleyule aliyezichimba."