Kikombe cha Uzi Mwekundu

Salha alipomwita, Bi Tunu alimpelekea chai ya tangawizi katika kikombe kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake. Alikiweka kwenye stuli, kando ya kitanda.

Salha alikuwa amelalia ubavu mmoja, khanga imeinuliwa isiguse malengelenge yaliyomzunguka kiunoni. Ulikuwa mkanda wa jeshi.

"Kumbe unauma hivi, wifi," Salha alisema.

"Unauma."

Mwaka juzi, ulipompata Tunu, Salha ndiye aliyewatangazia majirani kuwa ni ukimwi. Ndiye pia aliyeufunga uzi ule, ili kikombe cha mgonjwa kisichanganyike na vingine.

"Nesi anasema ipo chanjo ya watu wa umri wetu. Wewe ulishachanjwa?"

"Nilichanjwa mwezi wa sita."

"Ukapita hapa mlangoni usiniambie?"

"Ulinikataza nisikanyage kwako."

Midomo ya Salha ilikuwa imekauka. Aliutazama ule uzi, kisha akanyoosha mkono, vidole vikaanza kuhangaika na fundo.

Tunu alivuta kiti, akakaa kumtazama. Asubuhi ile, kabla ya kuinjika chai, alikuwa amelikaza upya fundo lile kwa meno.