Modemu ya Zamu

Mussagy aliichomoa modemu, akaipuliza, akaichomeka tena. Taa yake ndogo iliwaka. Lakini kwenye kioo cha kompyuta neno lilikuwa lilelile: hakuna kifaa.

“Toa mkono, bwana,” alisema Alima, mke mkubwa. “Unaipuliza kama uji wa moto. Professor Dário anakuja.”

“Wa nini? Kitu kidogo hiki.”

“Kitu kidogo hiki kinakutoa jasho tangu jana,” alisema Mariamo, mke mdogo.

Mussagy alijipangusa jasho. Jibu la Awa lilikuwa lifike asubuhi ile, na bila modemu lisingefika.

Tangu gesi igunduliwe baharini, Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, ilijaa wageni na nyumba ya Mussagy ikajaa kazi. Alima aliwapangisha mainjinia vyumba, Mariamo aliwapikia. Wote wawili walitaka kompyuta, na mume wa wake wawili akinunua kitu hununua viwili. Mussagy alinunua moja, ya mfumo wa Linux, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, kisha akamwita professor Dário, mwalimu wa shule ya sekondari. Dário akapanga humo ndani mashine pepe mbili za Windows, kompyuta ndani ya kompyuta, moja ya Alima, moja ya Mariamo, kila moja na neno lake la siri, kama nyumba mbili katika ua mmoja. Modemu ya intaneti ilikuwa moja, ikaenda kwa zamu. Mariamo akaanza pia kusoma kompyuta kwa Dário nyakati za jioni, kwa idhini ya mumewe. Msikitini Mussagy hakuchoka kujisifu: yeye ni mwadilifu hata ndani ya kompyuta.

Ambalo hakulisema msikitini ni kwamba aliviangalia vidole vya Dário, akajifunza, akajitengenezea mashine ya tatu. Akaiita Stoo. Humo ndimo alimoandikiana na Awa wa Pemba, ule mji wa kusini ya Palma, aliyeanza kwa kuulizia chumba, akaishia kuulizia moyo. Hakuwahi kumwona, lakini hakuwahi kueleweka namna ile. Awa alijua pa kumsifu na namna ya kumbembeleza. Hata wiki ile jenereta ya nyumbani ilipoharibika, Awa naye alinyamaza, na ilipopona akaandika: “Moyo uliniambia uko gizani, nikaona vibaya kukaa kwenye mwanga peke yangu.” Mussagy alifuta machozi kwa ncha ya kanzu.

Sasa alikuwa amemwomba azungumze na baba yake. Mzee akikubali, Ijumaa Mussagy angepanda gari kwenda Pemba kuposa. Kikwazo kilikuwa wajomba wa Mariamo. Aliwaapia kwamba baada ya binti yao mlango wa ndoa umefungwa, na ufunguo ameutupa. Wakisikia kabla ya nikaha, wangekuja kumchukua mpwa wao siku hiyohiyo, na Alima angefunga mizigo yake nyuma yao.

“Hodi!”

“Karibu, professor,” Mussagy aliwahi mlangoni. “Kwanza chai. Chai haikataliwi.”

“Nikimaliza, senhor Mussagy.”

Dário aliketi. Alihakikisha kwanza kwamba mtumiaji wa kompyuta yumo katika kundi lenye ruhusa ya kuzipa mashine vifaa vya USB. Yumo. Akabadilisha tundu. Hali ileile.

“Mume wangu, mbona umekiziba kioo kama golikipa?” aliuliza Alima. “Njoo usimame huku, katikati yetu.”

Akaenda.

“Linux yenyewe inaiona modemu,” alisema Dário. “Mashine ya mama Alima haiioni, ya mama Mariamo haiioni. Basi iko inayoishika. Modemu haikai kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Ikishikwa na moja, nyingine zitaisubiri mpaka ile iiachie au izimwe.”

“Afadhali modemu,” alisema Alima. “Ikiwa kwa mtu, iko kwake kweli.”

Mariamo alicheka mpaka akamwegemea mke mwenzake begani. Mussagy akajiuliza tangu lini hawa wawili wanacheka kichekesho kimoja.

“Mashine ni mbili tu!” alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. “Zima, washa, mambo yaishe.”

“Zipo zinazofanya kazi bila kufungua dirisha, senhor. Ngoja nizitazame zote.”

Mussagy alikohoa. Alikohoa tena. Akanusa hewa.

“Mariamo, wali unaungua!”

“Sijabandika wali.”

Dário akaandika amri, na mistari ikashuka kwenye kioo.

“Ehee. Iko nyingine. Inaitwa Stoo.”

Wake wawili walimgeukia mume wao, taratibu, kama watu wenye nafasi.

“Ya hesabu,” alisema Mussagy. “Mchele, unga, sabuni. Mambo ya kiume, yanachosha.”

“Maskini,” alisema Mariamo. “Yote hayo unayabeba peke yako.”

“Hiyo haina kosa, imezimwa tangu jana,” alisema Dário bila kuinua kichwa. “Modemu imeshikwa na hii ya nne.”

“Ya nne?” Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mussagy alisema kweli tupu: “Wallahi, ya nne mimi siijui.”

“Iko hapa, senhor, tena inafanya kazi. Imeandikwa Awa.”

Alima akamsogezea mumewe kiti.

“Kaa, bwana,” alisema. “Baba amekubali.”