Mstari wa Chaki

Pigo la kwanza lilimpata Fundi begani. La pili lilimpata mdomoni, likaondoka na jino. Hakuinua mkono, wala hakuondoka mbele ya mlango wa stoo.

“Toka, kaka!” Mdogo wake alikuwa ameshika mtaimbo, mishipa ya shingo imemsimama. “Toka nimmalize!”

“Sitoki.”

Nyuma ya mlango ule, uliofungwa kwa kufuli, alikuwamo shemeji yao. Wiki hiyo alimpiga dada yao mpaka akafa, mbele ya watoto wao wawili, kwa mguu wa stuli ambayo Fundi mwenyewe aliwatengenezea siku ya harusi. Kisha akatoroka. Jana walimzika dada. Leo asubuhi jirani alimwona muuaji akiingia karakana ya Fundi, akakimbilia msibani kumwambia mdogo mtu.

Pale msibani watu walisema shemeji kacheza na akili. Kati ya ndugu wote wa marehemu, kaenda kujisalimisha kwa yule asiyeweza kuua hata nzi.

Fundi alikuwa seremala, na mtaani walimwita Barafu. Mteja mmoja aliwahi kumporomoshea matusi ya nguoni; alipochoka, Fundi akamwuliza kama kabati anataka liwe na droo mbili au tatu. Ubaridi huo hakuzaliwa nao. Aliupata kwa Wastoa, wanafalsafa wa kale waliofundisha kwamba bei ya mbao, midomo ya watu, hata kifo, havimo mikononi mwetu. Kilicho chetu ni uamuzi wetu tu. Kila asubuhi, kabla ya kushika msumeno, alichora mstari wa chaki kwenye meza ya kazi. Upande huu kilicho changu, alisema, upande ule kisicho changu. Mdogo wake alirudia maneno hayo kama mtoto wa shule, mara nyingi akiwa anapiga miayo.

Leo pia mstari ulikuwepo. Mdogo aliupiga kwa mtaimbo mpaka ubao wa meza ukapasuka.

“Jana tumemfukia dada, leo unaniletea chaki! Hata kabla sijakugusa shati lako lilikuwa na damu. Kakupiga na wewe?”

“Tulivutana.”

“Halafu unamlinda!”

Alimsukuma kaka yake, akaushambulia mlango kwa mateke. “Mwanaharamu we! Sema kitu!” Stoo ilikuwa kimya. “Unaona? Kwa mwanamke alikuwa dume. Leo hata kukohoa anaogopa.”

Fundi alimkumbatia kwa nyuma, wakaanguka wote wawili kwenye maranda. Mdogo alimtia kiwiko cha mbavu, akajigeuza, akamkaba koo, akakibamiza kichwa chake sakafuni. Fundi aliona giza. Angeweza kumtupa, kwani mikono iliyobeba magogo miaka yote hiyo haikuwa mikono ya mchezo, lakini alimshikilia tu. Kitu kimoja tu alikitaka siku ile kuliko uhai wake: mdogo wake arudi nyumbani akiwa na mikono misafi.

“Sikia,” alisema, koo likikwaruza. “Ukimwua, dada hafufuki. Utakachopata ni kulala kitanda kimoja na muuaji, na asubuhi kumnawisha uso. Humfukuzi tena.”

“Wewe umejuaje?”

“Najua.”

“Usinianzie habari za hasira hasara!”

“Hasira inakuambia ukimpiga itaisha. Inadanganya. Unapiga la kwanza, bado ipo. Unapiga la pili, bado ipo. Mkono unachoka, yenyewe ndiyo kwanza inaamka.”

Mdogo alilegeza vidole shingoni mwa kaka yake, lakini hakuviondoa.

“Na wale watoto?” Fundi akasema. “Mama hawezi hata kuinua ndoo. Wanahitaji mjomba wa kuwalea.”

“Wanao wajomba wawili.”

Fundi alimfuta mdogo wake machozi na makamasi kwa kiganja, kama alivyomfuta walipokuwa wadogo, wakati dada yao akiwachekea wote wawili.

“Niahidi hutamgusa.”

Hapo mdogo alilia kilio kile alichokibana tangu makaburini, akajiinamia kifuani kwa kaka yake. Alipotulia, alichukua mtaimbo akausimamisha pembeni, polepole, mahali pake.

“Naahidi, kaka. Dakika ile ningeua. Umeniokoa.”

“Na wewe umening'oa jino, mshenzi wewe.”

Walicheka, kicheko kile cha msibani ambacho mtu hukionea haya kabla hakijaisha.

“Polisi umeshawaita?”

“Nitawaita. Wewe kwanza.” Fundi alimkung'uta maranda mgongoni. “Nenda kwa mama. Watoto wasilale njaa, na wasisikie habari hii kwa watu wa nje.”

Alimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona. Furaha ilimjaa kifuani, furaha ya kweli, kwa sababu kijana yule alikuwa anakwenda zake akiwa mtu mwema. Kisha akanawa uso, akaketi kwenye kigoda chake cha kazi, akapiga simu kituoni. Alieleza karakana ilipo na ni nani aliyeonekana akiingia humo asubuhi.

“Mtuhumiwa bado ana fujo?” askari akauliza.

“Hapana, afande, ametulia, ndiye anayeongea na wewe,” Fundi akasema. “Huyu aliyemo stoo mleteeni shuka la kumfunika.”