Mgeni wa Pazia

Nondo mkubwa kama kiganja alikuwa ametua kwenye pazia la mlango. Tausi aliinua ufagio.

"Wee, usimguse!" mama mkwe wake, Bi Shuwea, alimwahi. "Huyo ni mgeni. Mwanangu anarudi leo. Ongeza mchele."

Tausi akaongeza vikombe viwili, mchele mwingine ukamwagika sakafuni. Asubuhi ile mdogo wa mumewe alikuwa amempigia simu. "Shemeji, kaka hatunaye tena. Mama asijue kwanza, wazee wanakuja kumwambia."

Bi Shuwea alijifunga kanga mpya, akaketi kumlinda nondo wake.

Nje, viatu vingi vikasimama.

"Hodi!"

"Karibu, baba!" Bi Shuwea aliitikia, akilisogeza pazia taratibu, nondo asije akaruka.